Maneno ya Jofrey Yaliyokatwa

Jumapili ile Ikupa aliwakaribisha majirani wanne sebuleni kwake, Ilomba. Alikaanga maandazi, akachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, akafuta kioo cha televisheni kwa ncha ya kanga. Hakuwa mtu wa kukaribisha watu. Miaka kumi na moja ya ndoa ilikuwa imemfundisha kukaa mbali na vikao vya wanawake, maana kila kikao kilianza na habari za bei ya sukari kikaishia kwenye matumbo ya watu. Lakini siku hiyo alitaka mashahidi. Saa kumi na moja jioni kingerushwa kipindi cha Ndoto ya Mama, sehemu ya nne, na ndani yake mume wake, Jofrey Kikoti, fundi wa malori, angesema mbele ya nchi nzima maneno ambayo wanaume wengi huenda nayo kaburini.

Ikupa alikuwepo siku maneno hayo yaliporekodiwa. Jofrey alikaa kwenye kochi lile lile, kinasa sauti kimebanwa kwenye kola ya shati, mikono yake yenye weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni ameiweka magotini kama mwanafunzi. Alisema taratibu, kwa lafudhi yake ya Kihehe ambayo miaka ya Mbeya haijaifuta.

"Tumepima wote wawili. Mke wangu hana tatizo. Mwenye tatizo ni mimi. Mbegu zangu ni chache, na hizo chache hazina nguvu. Miaka yote watu wanamsema yeye, mimi nimenyamaza. Leo nasema, ili wamwache."

Siku hiyo Ikupa alisimama nyuma ya mlango wa jikoni akakishika kitasa mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuwahi kumpenda mwanamume yule kama alivyompenda saa ile.

Sasa majirani walikuwa wameshika vikombe. Jofrey alisimama mlangoni akiwa na shati la kanisani, hataki kukaa. Muziki wa kipindi ukapigwa, ule wa kinanda unaolia hata kabla mtu hajalia. Daktari akaonekana nyuma ya meza yake.

"Majibu yametoka," alisema. "Tatizo tumeliona."

Picha ikaruka kwa Ikupa. Alikuwa analia. Machozi yalimtiririka, akajifuta kwa kiganja, akatazama pembeni. Picha ikaruka tena: Ikupa huyo huyo jikoni, anakoroga uji wa unga wa lishe wa mdhamini, pakiti imegeuzwa upande wenye jina. Sauti ya msimulizi ikauliza kwa upole mzito, "Je, Ikupa atawahi kuitwa mama?" Kisha matangazo.

Ikupa aliduwaa. Yale machozi aliyajua. Yalikuwa ya siku nyingine kabisa, Blessing, mtayarishaji wa kipindi, alipomwuliza habari za marehemu mama yake aliyezikwa Tukuyu mwezi wa pili. Alikuwa amemlilia mama yake. Sasa wamemfanya alilie tumbo lake.

"Pole, fundi," alisema Mama Juliana, jirani wa ukuta wa pili, akimpapasa mgongo. Kila mwanamke mtaani aliitwa kwa jina la mtoto wake. Ikupa, kwa kuwa alishona nguo, aliitwa fundi. "Pole sana. Mungu ana makusudi yake."

"Subirini. Jofrey ameongea. Ataonyeshwa baada ya matangazo."

Walisubiri. Baada ya matangazo akaja Eveline, mshiriki wa Iringa, anapanda ngazi za kanisa akiwa ameshikana mikono na mumewe. Kisha wanandoa wa Mwanza. Kisha majina ya watu waliotengeneza kipindi, yakipita mbio. Jofrey hakuonyeshwa hata midomo.

"Wamekata," alisema Jofrey kutoka mlangoni.

Ikupa akageuka. Majirani wote wanne wakageuka pia, na kwa kitambo kidogo chumba kizima kikamtazama Jofrey. Kulikuwa na nafasi ya sentensi moja pale. Hakuna kamera, hakuna wa kuikata. Ikupa alimngoja. Na usoni mwa mumewe akaona kitu ambacho angetamani asingekiona: nafuu. Sura ya mtu aliyekwenda kung'olewa jino akaambiwa daktari hayupo leo.

"Nikaangalie ile betri ya lori," Jofrey akasema, akatoka.

Mama Juliana aliomba maandazi mawili ya kuwapelekea watoto. Ikupa akamfungia manne.

*

Lililomkera zaidi ni kwamba mlango aliufungua mwenyewe. Msimu wa kwanza wa Ndoto ya Mama hakuukosa hata Jumapili moja. Aliwalilia wale wanawake kama ndugu zake. Sehemu ya mwisho wawili kati ya watatu walikuwa na mimba, na Ikupa alikwenda kulala akiamini kwamba hesabu hiyo ni ya kweli, kwamba katika kila wanawake watatu wanaosubiri wawili hupata. Walipotangaza kwamba wanatafuta washiriki wapya na kwamba vipimo vyote vitalipiwa, yeye ndiye aliyetuma ujumbe. Yeye ndiye aliyembembeleza Jofrey wiki tatu. Mkataba wa kurasa kumi na nne aliusaini juu ya cherehani yake akiwa amesoma kurasa mbili.

Jumatatu asubuhi alimpigia Blessing.

"Dada Ikupa! Umetisha jana, yaani watu wamelia nchi nzima. Simu haziishi hapa ofisini."

"Maneno ya Jofrey yako wapi?"

Blessing akashusha sauti. "Dada, sikiliza. Kipindi ni dakika arobaini. Hatuwezi kuweka kila kitu."

"Mmeweka uji dakika nzima."

"Uji ni mdhamini, dada. Halafu nikuambie ukweli, tuliwaonyesha watu wachache ile ya shemeji kwanza. Wanaume hawakuipenda. Wanawake nao wakasema inawapunguzia hamu ya kuangalia. Watu wanataka kumwona mama anapambana. Mwanaume akisema ni yeye, hadithi inaisha palepale."

"Haijaisha. Mimi ndiyo naishi humo."

"Nakuelewa kabisa, dada."

"Basi nirudishieni hiyo picha, nikawaonyeshe watu wangu mwenyewe."

"Ipo kwenye mkataba. Picha zote ni mali ya kampuni. Ukurasa wa tisa."

Ikupa alikata simu akaikodolea macho. Alikuwa na gauni la harusi la mteja mezani, na siku nzima hakuweza kushona mshono mmoja ukanyooka.

Wiki zilizofuata zilimkalia kama nguo ya mtu mwingine. Wateja waliokuja kupimwa mabega walimpimia yeye tumbo kwa macho. Mmoja alimletea mizizi ndani ya gazeti. Mwingine, ambaye Ikupa hamjui kabisa, alimshika mkono sokoni Mwanjelwa mbele ya mafungu ya viazi, akaanza kumwombea kwa sauti, na wauza viazi wakavua kofia. Kila alipojaribu kueleza, watu walimtazama kwa huruma, ile huruma inayompa mgonjwa ruhusa ya kuropoka. Mke mwema, walisema. Ni uchungu tu unaomfanya aseme hana tatizo. Au walisema kinyume chake: mke mbaya, anamsingizia mumewe. Hakuna aliyesema inawezekana ni kweli.

Nyumbani waliongea habari za betri, umeme na mvua. Jioni moja Ikupa aliweka sufuria chini kwa kishindo.

"Ulifurahi," alisema.

Jofrey hakujifanya haelewi. "Sikufurahi."

"Uliona nafuu. Nilikuona."

Alisugua kidole gumba chenye alama ya kukatwa na feni ya lori. "Ile siku ya kamera nilijikaza wiki nzima, Ikupa. Nikasema, nikamaliza. Halafu walipokata… nikasema moyoni, basi, si nimeshasema? Kumbe aliyesikia ni wewe na mshika kamera."

"Mimi nilikuwa najua tayari."

"Ndiyo."

"Sasa?"

Jofrey akainuka, akaenda kulala.

*

Sehemu ya sita iliporushwa, Eveline wa Iringa alikuwa mjamzito. Alionyeshwa akipiga magoti madhabahuni, kisha akinywa uji, kisha akishika kipimo chenye mistari miwili huku mumewe akiruka kama mtoto. Kesho yake asubuhi mama yake Jofrey alipiga simu. Yusta Kikoti alikuwa mjane wa mwalimu, mama wa kanisa aliyeheshimika Kihesa yote, na alizungumza na simu kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Jofrey! Mje Jumamosi hii. Wewe na mkeo. Wanawake wa jumuiya wamefunga siku tatu kwa ajili yake."

Walipanda basi alfajiri. Njia nzima, kuanzia Chimala mpaka baridi ya Mafinga, Ikupa aliegemeza kichwa dirishani, na Jofrey alishika kikapu cha maparachichi magotini bila kukiweka chini. Walipofika Ipogolo na basi kuanza kupanda kilima cha mjini, alisema, "Nitamwambia mama."

"Ulisema hivyo mwaka juzi."

"Nitamwambia."

"Kamwene mama," Ikupa alisalimia kwa Kihehe, akipiga goti mlangoni kwa Yusta, Kihesa.

"Kamwene mwanangu, karibu, karibu." Yusta alimkumbatia kwa nguvu. Hakuwa mwanamke katili. Hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kumtukana Ikupa. Alimpenda kwa masikitiko, kama mtu anavyopenda shamba lililoliwa na nguruwe.

Sebuleni walikaa wanawake saba. Katikati kulikuwa na kiti kimoja kitupu, na hapo ndipo Ikupa alipoketishwa. Walimwekea mikono kichwani, mabegani, na mmoja, bila kuomba ruhusa, tumboni. Waliomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kihehe. Waliomba kifungo kivunjike, laana ya ukoo wa Kinyakyusa ikatike, mlango ufunguliwe. Walisema jina lake, Ikupa, Ikupa, mpaka akalichukia. Kupitia vidole vilivyomfunika uso alimwona Jofrey amesimama karibu na kabati la vyombo, midomo inamcheza. Alimngojea. Sala ikaisha. Chai ikaletwa.

"Usikate tamaa," alisema Yusta akimmiminia. "Mwenzako Eveline si umemwona? Miaka tisa! Na alikunywa ule ule uji uliokunywa wewe. Anakaa hapo Mtwivila tu, kwa Kalinga wa duka la mbao. Nenda kamsalimie mchana huu. Ukalishike lile tumbo, baraka ikushukie."

"Mama," Jofrey alianza.

"Atakwenda na kurudi, si mbali. Wewe nipandie darini, bati linavuja."

Jofrey akapanda darini. Ikupa akaenda Mtwivila na hasira yake.

*

Alikuwa amekutana na Eveline mara mbili tu, wakati wa kurekodi. Alimkumbuka kama mwanamke mwenye kicheko kirefu, aliyemwazima pini ya nywele. Mlango ulichelewa kufunguliwa. Eveline alipoona ni nani, alijaribu kutabasamu, akashindwa, akamvuta ndani akafunga komeo.

Hakuwa na tumbo. Gauni lilikuwa jembamba, na lilimlala bapa.

Ikupa hakuuliza. Alikaa kwenye stuli karibu na jiko, na Eveline akakaa chini kwenye mkeka, mgongo kwenye gunia la mahindi.

"Wiki ya kumi," alisema Eveline mwishowe. "Ilitoka yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, nafua."

"Lini?"

"Kabla hata ile sehemu ya sita haijaonyeshwa. Nilimpigia Blessing. Nikamwambia msiionyeshe, basi, au mkiionyesha semeni yote. Akalia na mimi kwenye simu, kweli alilia. Halafu akasema ratiba imeshatoka, na mdhamini ameshalipia. Kwamba wanawake wengi wanapata tumaini kupitia kwangu, nisiwavunje moyo." Alicheka, na kicheko kilikuwa kifupi. "Jumapili ile nilijiona kwenye televisheni nina mimba, na mimi nimekaa hapa sina."

Nje pikipiki ilipita, ikapiga honi kwa mtu.

"Na wiki ijayo wanakuja," aliendelea. "Wameniomba nivae gauni pana. Tupige picha ya mwisho, mimi na mume wangu, tumeshika viatu vidogo. Sekunde ishirini tu, wamesema."

"Utakubali?"

"Wameahidi kunilipia matibabu ya Dar. Yale makubwa. Uji haukunipa mimba, Ikupa. Mimba niliipata kwa sindano, miezi minne. Hilo nalo hawakulionyesha." Alimtazama usoni. "Wewe ungekataa?"

Ikupa alitaka kusema ndiyo, angekataa. Alifikiria ule mkataba juu ya cherehani.

"Sijui," alisema.

"Usimwambie mtu. Mama yangu mwenyewe hajui. Kila siku ananiletea maziwa mgando. Nitamwambia mimi, nikiweza. Tafadhali, dada."

"Sitasema."

Walikaa mpaka jua likaondoka dirishani. Ikupa alimsongea ugali kidogo, akamkalia mpaka ale matonge matatu.

*

Aliporudi Kihesa wanawake walikuwa wameondoka, wamebaki Yusta na Jofrey. Yusta alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Umelishika?" aliuliza hata kabla Ikupa hajavua viatu.

"Hajambo. Amekusalimu, mama."

"Tumbo, nauliza. Limeshakuwa kubwa?"

Ikupa alisimama pale mlangoni na kiatu kimoja mkononi. Jibu lilikuwa kwenye ulimi. Maneno matano tu, na uji, na kipimo cha mistari miwili, na kile kiti cha katikati, vyote vingeanguka kwa mpigo mmoja. Mama mkwe angejua televisheni ile ni ya uongo. Lakini maneno matano hayo yalikuwa ya Eveline. Kuyachukua na kuyatumia kwa shida yake mwenyewe, hata kama shida hiyo ni ya haki, kungekuwa kufanya kazi ya Blessing bila mshahara.

"Tumesalimiana tu, mama."

"Mwanangu, wewe una wivu!" Yusta alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Wivu unafunga tumbo. Mwenzako amepewa, badala ya kufurahi naye unakuja na sura hiyo. Mwombe Mungu akutoe huo moyo."

Hapo Ikupa alihisi machozi yanakuja, na yalimkasirisha, maana yalikuwa machozi yale yale wanayoyataka. Akainama avue kiatu cha pili.

"Mama, mwache," alisema Jofrey.

"Namfundisha. Simgombezi."

"Mwache, nakuambia. Mwenye tatizo ni mimi."

Maharage yaliendelea kucheza kwenye ungo. "Tatizo gani?"

"La kuzaa. Tumepima mara mbili. Ikupa ni mzima. Mbegu zangu ndizo mbovu. Nilisema kwenye kamera, wakakata. Nasema hapa."

Yusta aliweka ungo chini. Alimtazama mwanawe muda mrefu, kisha akamtazama Ikupa, na macho yake yakawa magumu kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja.

"Umemfundisha aseme hivyo."

"Mama!" Jofrey alisimama. "Ni mimi ninayesema!"

"Nimemwona daktari kwa macho yangu. Amesema tatizo tumeliona, na mkeo akalia. Mtu halii bila sababu. Watu wa televisheni wanalipwa kusema kweli, wana mitambo. Halafu wewe, mwanangu wa kwanza, mzima, unabeba injini kwa mikono, uje uniambie huna mbegu?" Alijifunga kitenge vizuri. "Unampenda mkeo, hilo ni jema. Lakini usijitukane ndani ya nyumba ya baba yako."

Jofrey alitoa karatasi ya majibu mfukoni. Alikuwa ameibeba kutoka Mbeya, imekunjwa mara nne. Yusta hakuigusa. "Karatasi hata mimi naweza kuandikiwa," alisema, akarudi kwenye maharage.

Ikupa alimwona mumewe amesimama katikati ya sebule na karatasi mkononi, anageuka huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alikuwa amesema ukweli hatimaye, mbele ya mtu aliyeogopa zaidi duniani kumwambia, na ukweli umeshindwa na dakika arobaini za Jumapili. Ikupa hakujua acheke au apige kelele. Alichukua ndoo akatoka kwenda kuteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

*

Jumatatu walikuwa bado Kihesa, Jofrey hakurudi gereji Mbeya. Alfajiri alivaa koti, akamwambia mama yake, "Leo unanisindikiza hospitali."

"Unaumwa?"

"Twende."

Yusta alivaa viatu vya Jumapili. Ikupa aliwafuata hatua mbili nyuma. Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye sweta. Alisoma karatasi ya Mbeya, akamwita Jofrey nyuma ya pazia, wakakaa huko kitambo, kisha akatoka akinawa mikono.

"Una uhakika unataka mama asikie?"

"Asiposikia nitakuwa nimekuja bure."

Daktari akamgeukia Yusta na kuongea kama anayemweleza mtu njia ya kwenda stendi. "Mama, shida iko kwa huyu kijana wako. Ana mishipa iliyovimba sehemu za siri. Inatia joto, mbegu zinaharibika. Wanaume wengi wanayo na hawajui. Anaweza kubeba injini, anaweza kufanya kila kitu, hilo halihusiani. Mkwe wako vipimo vyake ni safi."

Yusta alikaa wima. Mkoba wake ulikuwa magotini. "Alizaliwa nayo?"

"Mara nyingi huanza ujanani, akikua."

"Nilimlisha nini? Nilimkosea wapi?"

"Hukukosea, mama. Inatokea tu."

"Kitu hakitokei tu," alisema Yusta kwa sauti ndogo, na Ikupa akatambua maneno hayo. Aliyasema mwenyewe, mbele ya madaktari wengine, mwaka baada ya mwaka, akijitafuta kosa. Alitaka kumwonea huruma yule mama. Akamwonea, kidogo, na hasira nayo ikabaki palepale.

Daktari alieleza habari za upasuaji mdogo. Unaweza kusaidia, unaweza usisaidie. Wangojee miezi sita baada ya hapo ndipo wapime tena. Jofrey aliandika tarehe kwenye simu.

Nje, kwenye ngazi, Yusta alisimama akashika ukingo.

"Jumatano nitawaambia wanawake wa jumuiya wabadilishe jina."

"Jina gani, mama?" aliuliza Jofrey.

"La kuombewa. Tumempelekea Mungu jina lisilo, muda wote huu." Alivuta pumzi. "Na wewe utakuja kuketi, kama mkeo alivyoketi."

Jofrey aliinamisha kichwa. "Nitakuja."

Ikupa alisubiri. Alifikiri kuna sentensi nyingine inakuja, fupi tu, ya kwake. Yusta alimtazama, akalamba midomo iliyokauka, akamrekebishia kola ya sweta ambayo haikuwa imekunjika.

"Mmekula?" aliuliza.

*

Huko Mbeya Jofrey aliwaambia wenzake gereji, ili maneno yasifike kwa njia nyingine. Samwel, aliyefanya naye kazi miaka minane, alicheka mpaka akaangusha spana, na kufikia jioni wote walikuwa wanamwita Betri, yaani iliyoisha chaji. Siku ya nne alirudi nyumbani, akakaa bila kuvua buti.

"Siku nne tu," alisema. "Nataka kumpiga mtu."

Ikupa alimtengea chakula. Alikuwa na mengi ya kumjibu, miaka kumi na moja yake, lakini alimwona jinsi alivyochoka, akamsogezea mboga.

Sehemu ya mwisho ya Ndoto ya Mama ilirushwa wakati Jofrey yuko wodini na bandeji. Eveline alionekana sekunde ishirini, gauni pana, viatu vidogo vyeupe. Ikupa alimtumia ujumbe: nipo. Eveline akajibu baada ya siku mbili kwamba amemwambia mama yake, na kwamba safari ya Dar ni mwezi ujao.

Blessing alipiga simu Ijumaa iliyofuata, Ikupa akiwa anakata sare za kwaya.

"Dada Ikupa, habari njema. Msimu wa tatu tunataka turudi kwenu. Safari hii shemeji aongee. Tumeona mambo yanabadilika, wanaume wanaanza kuongea. Tutarekodi upasuaji, maumivu, kila kitu. Halafu mwishoni kile kipimo."

"Na kipimo kikionyesha hakuna kitu?"

"Tuwe na imani, dada."

"Nakuuliza. Kikionyesha hakuna kitu, mtaonyesha? Mimi na Jofrey tunakula ugali, hatuna mtoto, kipindi kimeisha?"

Alisikia Blessing anapumua, na mtu mwingine anacheka nyuma yake ofisini.

"Watu hawawezi kukaa kungoja hivyo, dada. Nani ataangalia?"

"Sisi tumekaa miaka kumi na moja," alisema Ikupa, akakata simu.

Alirudi kwenye kitambaa bila kujipa muda, na mkasi ukaenda mrama. Kola ya sare ya tatu ikakatika fupi, haina dawa. Akasonya. Akampigia mwalimu wa kwaya akamwambia zile nguo zitakuwa tayari Alhamisi, siyo Jumanne, kisha akachukua kipande kingine akaanza upya.